Sanamu za Kibuddha za Patan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu sanamu za shaba zinazotengenezwa kwa mikono Patan, mji wa kale wa Nepal unaotazamana na Kathmandu ng'ambo ya mto Bagmati, ambao katika shughuli za serikali huitwa Lalitpur. Sanamu za nchi nyingine zimetajwa pale tu zinaposaidia kufafanua jambo, kwa sababu kila nchi ya Kibuddha ina mtindo wake, na kuzichanganya zote katika jibu moja ndiko kunakowapotosha wanunuzi wengi.

Kwa nini Patan ndiyo inayotajwa zaidi?

Kazi hii imekaa pale kwa karne nyingi bila kukatika, tena mikononi mwa koo zilezile. Wanewar, wenyeji wa Bonde la Kathmandu, wana koo za Shakya na Vajracharya ambazo hufuata Ubuddha kwa kurithi: mtoto wa kiume hunyolewa na kuishi kama mtawa kwa siku chache, kisha huvua kanzu ya utawa, akakua, akaoa na kufanya kazi, huku akibaki mwanachama wa monasteri ya ukoo wake maisha yake yote. Monasteri hizo huitwa bahal, nazo ni nyua za mraba zilizozungukwa na nyumba za watu. Katika mtaa wa Oku Bahal, kati ya ua na ua, nyundo husikika tangu asubuhi, na duka la mbele mara nyingi ni la familia ileile yenye karakana ya nyuma.

Sifa ya mafundi hao ilivuka mipaka zamani. Mwaka 1260 kijana wa Kinewar aitwaye Arniko aliongoza kundi la mafundi 80 kwenda Tibet kujenga stupa, yaani mnara wa ibada wa Kibuddha, kwa amri ya Kublai Khan, na kazi yake ilipopendeza alipelekwa hadi makao ya mfalme huyo nchini China. Stupa nyeupe aliyoijenga huko, iliyokamilika mwaka 1279, ingali imesimama Beijing.

Hata leo watalii si wateja wakubwa wa Patan. Wateja wakubwa ni monasteri za Kitibeti zilizoko Nepal, India na Bhutan, ambazo nyingi zilijengwa baada ya wakimbizi kuanza kuvuka Himalaya kwa wingi mwaka 1959. Msafiri anayenunua sanamu ya sentimita 20 ananufaika na ustadi uliokomazwa na mteja mkali, anayejua kila kidole kinapaswa kukaa wapi.

Je, Wabuddha wanaabudu sanamu?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji Waislamu na Wakristo, nalo linastahili kujibiwa bila haraka. Kwa mafundisho ya Kibuddha, Buddha si Mungu muumba. Alikuwa mwanadamu, Siddhartha Gautama, aliyefundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Anayeinama mbele ya sanamu yake humheshimu mwalimu na hujikumbusha hali ya moyo ambayo yeye mwenyewe anataka kuifikia.

Waandishi wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu wanarahisisha mno. Huko Nepal na Tibet, sanamu iliyokwisha kuwekwa wakfu huhesabiwa kuwa ina uwepo ndani yake. Huogeshwa, huvishwa nguo, huwashiwa taa na kuletewa chakula, na inapohitaji matengenezo makubwa, kuhani huuhamishia kwanza uwepo huo kwenye chombo kingine kwa ibada maalumu ili fundi aweze kuipiga nyundo bila kukosa adabu. Jambo hilo ni zaidi ya ukumbusho, na ni vema msomaji alijue lilivyo kabla ya kulitolea hukumu yake.

Anayetaka kuona sanamu ya Buddha ikiheshimiwa bila kusafiri mbali anaweza kwenda kwenye hekalu lililoanzishwa na Wasinhala huko Upanga, Dar es Salaam, au kwenye kituo cha Kibuddha kilichoanzishwa karibu na Entebbe mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Vituo vyote viwili ni vya madhehebu ya Theravada, ambayo haina wingi wa miungu na mabibi wenye mikono mingi wanaoonekana Patan.

Sanamu za kwanza za Buddha zilichongwa lini, na je, ziliwahi kufika Afrika?

Kwa karne kadhaa baada ya kifo chake, wachongaji hawakuuonyesha mwili wake. Katika michoro ya mawe ya Sanchi, India, mahali alipopaswa kuwepo huwekwa kiti kitupu, nyayo mbili, gurudumu au mti. Sanamu zenye umbo la mtu zilianza kuonekana takriban karne ya 1 baada ya Kristo katika sehemu mbili: Gandhara, ambayo leo imo Pakistan na Afghanistan, na Mathura, India.

Afrika zilifika, tena mapema. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale walikuwa wamepata sanamu ya Buddha ya marumaru, yenye urefu wa sentimita 71, katika magofu ya Berenike, bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu iliyokuwa chini ya utawala wa Roma. Bandari hiyo iliishi kwa biashara ya India, iliyotegemea pepo za msimu kama ilivyotegemea biashara ya majahazi ya pwani yetu.

Sanamu moja hutengenezwaje?

Njia kuu ya Patan ni kusubu shaba kwa kutumia nta. Nta ya nyuki huchanganywa na utomvu wa mti na mafuta kidogo ili ilainike bila kunata vidoleni. Fundi wa nta huketi chini, jiko la mkaa upande mmoja na beseni la maji baridi upande wa pili. Hupasha kipande cha nta, hukifinyanga kwa vidole na kwa vijiti vya pembe ya nyati, hukitumbukiza majini kikaze, akakitazama, kisha akakirudisha kwenye joto. Sanamu kubwa huundwa kwa vipande, yaani kichwa, kiwiliwili, mikono na kiti cha yungiyungi kila kimoja peke yake, na nta hufanywa nyembamba yenye uwazi ndani, kwa kuwa unene wa nta ndio utakaokuwa unene wa shaba.

Baada ya hapo nta hupakwa uji laini wa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, tabaka moja baada ya jingine. Tabaka hizo za mwanzo ndizo zinazoshika kila mkunjo wa nguo na kila ukucha, kwa hiyo hazipakwi ovyo. Kisha hufuata udongo mzito wenye pumba za mpunga, ambao huipa kalibu nguvu. Kila tabaka hungoja iliyotangulia ikauke, na ndiyo maana wakati wa masika ya Nepal, kuanzia Juni hadi Septemba, kazi huenda polepole na mteja aliyeahidiwa sanamu yake mwezi wa nane huwa na haki ya kutia shaka.

Kalibu iliyokauka huwekwa motoni, nta ikayeyuka na kutoka kupitia matundu yaliyoachwa, na ndani pakabaki nafasi tupu yenye umbo la sanamu. Shaba nyekundu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 za Selsiasi, humiminwa humo kalibu ingali ya moto. Hapa ndipo pa hatari: unyevu uliobaki ndani unaweza kuipasua kalibu, na shaba ikipoa kabla ya kufika ncha za vidole, kazi yote ya nta imepotea na hairudi. Ikiisha kupoa, kalibu huvunjwavunjwa.

Kinachotoka ni kitu cheusi, chenye makovu, na mnunuzi akikiona hawezi kuamini kwamba ndicho atakachouziwa. Hatua ya kukisafisha na kukitia nakshi kwa tindo na nyundo nyepesi ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote, pengine miezi kwa sanamu moja yenye mapambo mengi. Maua ya pindo la nguo, shanga za kifuani, majani ya yungiyungi, vyote hupitiwa nukta kwa nukta. Kwa kawaida mfinyanga nta, msubuji, mtia nakshi, mpaka dhahabu na mchora uso ni watu watano tofauti, na sanamu husafiri kutoka karakana moja hadi nyingine kabla ya kukamilika.

Sanamu kubwa mno hazisubuwi. Hufuliwa kutoka mabamba ya shaba yanayopigwa kwa nyundo nje na ndani mpaka yapate umbo, kisha vipande huunganishwa. Tofauti ya njia hizi mbili imeelezwa vizuri katika Jumba la Makumbusho la Patan, lililofunguliwa mwaka 1997 ndani ya kasri la zamani la wafalme.

Dhahabu yake ni ya kweli?

Katika kazi nzuri, ndiyo. Dhahabu husagwa pamoja na zebaki mpaka iwe kama malhamu, ikapakwa juu ya shaba iliyosafishwa, kisha sanamu hupashwa moto. Zebaki hugeuka mvuke na kutoka, dhahabu ikabaki imeshikamana na shaba, na mwishowe husuguliwa kwa jiwe la akiki ili ing'ae. Njia hii ndiyo sababu ya Wanewar kupenda shaba nyekundu isiyochanganywa na madini mengine, kwani shaba yenye risasi ndani yake huitia dhahabu madoa.

Mvuke huo ni sumu inayoharibu neva na figo. Msomaji aliyewahi kuwaona wachimbaji wadogo wa Geita wakichoma zebaki ili wabaki na dhahabu ataitambua kazi hii mara moja, kwa kuwa ni kemia ileile na madhara yaleyale. Baadhi ya karakana zimehamia kwenye upakaji wa dhahabu kwa umeme, ambao ni salama zaidi kwa mapafu ya fundi, ingawa tabaka lake mara nyingi ni jembamba na rangi yake haina joto lile. Mnunuzi anayeng'ang'ania dhahabu ya moto anapaswa angalau kuuliza kama karakana ina dohani la kutolea mvuke. Muuzaji anayelikwepa swali hilo amekwisha kulijibu.

Je, fundi anaruhusiwa kubuni atakavyo?

Kwa mwili wa Buddha, haruhusiwi. Vipimo vyake vimeandikwa na hurithishwa. Kipimo cha msingi ni upana wa kidole cha sanamu yenyewe, na vidole 12 hufanya urefu wa uso. Viungo vingine vyote hupimwa kutokana na hapo, hata sanamu iwe ndogo kama kiganja au ndefu kama nyumba. Sanamu ambayo vipimo vyake vimepotoka haihesabiwi kuwa inafaa kwa ibada, na monasteri huirudisha.

Uhuru wa fundi umo katika nakshi za nguo, mapambo ya kiti, na zaidi ya yote katika uso. Mafundi wawili wakifuata vipimo vilevile, nyuso zao hazitafanana, na wajuzi wa Patan wanaweza kuitaja karakana kwa kuangalia tu kope zinavyoshuka.

Alama za mwilini zina maana gani?

Mapokeo yanataja alama kuu 32 na ndogo 80 za mtu aliyekamilika. Sanamu huonyesha chache. Uvimbe wa utosini, uitwao ushnisha, ni ishara ya hekima iliyopita kiasi cha kawaida. Nukta iliyo kati ya nyusi, urna, hueleza uwezo wa kuona ambao macho ya kawaida hayana. Ndewe ndefu za masikio hukumbusha maisha ya mwana wa mfalme aliyevaa hereni nzito kabla ya kuuacha utajiri wake. Nywele ni vishungi vidogo vinavyojisokota kuelekea kulia, na baadhi ya watu huko Afrika Mashariki, wakiviona, huuliza kama Buddha alikuwa Mwafrika. Jibu ni kwamba vishungi hivyo ni alama iliyokubaliwa ya nywele ambazo Gautama alizikata mwenyewe alipoingia utawani, wala havielezi asili yake. Yungiyungi la chini ya miguu huota matopeni na kuchanua juu ya maji likiwa safi, na Wabuddha huona humo picha ya akili inayoweza kutakata katikati ya dunia iliyochafuka.

Mikono yake inasema nini?

Ukiwa na nafasi ya kujifunza jambo moja tu kuhusu sanamu hizi, jifunze mikono. Ishara za mikono huitwa mudra. Mkono wa kulia ukishuka juu ya goti na ncha za vidole kuelekea ardhini, huo ni usiku wa Bodh Gaya, mahali huko India alipopata kuwa Buddha: Mara, mshawishi, alimwuliza Gautama ni nani shahidi wa haki yake ya kuketi pale, naye akaigusa ardhi ili ishuhudie. Ni ishara inayotengenezwa mno Patan. Mikono yote miwili ikilala mapajani, kiganja juu ya kiganja, ni kutafakari. Kiganja kilichoinuliwa usawa wa bega na kuelekezwa mbele huondoa hofu, na kiganja kilichoshuka huku kimefunguliwa hutoa zawadi. Mikono ikikutana kifuani, vidole vikifanya duara, Buddha anafundisha. Inasemwa kwamba anazungusha gurudumu la mafundisho, kama alivyofanya mara ya kwanza huko Sarnath.

Nitajuaje sanamu ni ya nani, ikiwa nyuso zote zinafanana?

Tazama mikono kwanza, kisha kilichoshikwa, kisha miguu. Buddha si jina la Gautama peke yake: Wanewar huwaheshimu Mabuddha watano, kila mmoja na rangi na upande wake: Vairocana mweupe katikati, Akshobhya wa buluu mashariki, Ratnasambhava wa njano kusini, Amitabha mwekundu magharibi na Amoghasiddhi wa kijani kaskazini. Akshobhya hugusa ardhi kama Shakyamuni, yaani Gautama mwenyewe, na hapo hata wauzaji huchanganya. Mara nyingi Akshobhya hutambulikana kwa vajra, silaha ya radi, iliyowekwa mbele yake au kiganjani. Buddha wa Tiba hushika bakuli kwa mkono wa kushoto na mmea wa dawa kwa wa kulia.

Tara wa Kijani, mmoja wa mabibi wanaoheshimiwa, huteremsha mguu wa kulia kutoka kwenye kiti, tayari kuinuka kumsaidia anayemwita. Tara Mweupe hukunja miguu yote miwili na ana macho saba: matatu usoni, mawili viganjani na mawili kwenye nyayo. Manjushri, bwana wa hekima, huinua upanga unaokata ujinga, na kitabu hukaa juu ya yungiyungi begani. Avalokiteshvara, bwana wa huruma, huweza kuwa na mikono minne, miwili kati yake ikishika tasbihi na yungiyungi, au kuwa na vichwa 11 na mikono 1,000, na kila kiganja kina jicho ili mateso yaonekane kabla ya kusaidiwa.

Kwa nini wengine wana meno yaliyochomoza na mafuvu ya watu?

Hao ni walinzi, kama Mahakala, na ukali wao huelekezwa kwenye ujinga, tamaa na chuki. Hawawakilishi shetani. Mafuvu matano ya taji husomwa kama sumu tano za moyo zilizogeuzwa kuwa hekima.

Na yule mnene anayecheka?

Huyo si Gautama. Ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10, ambaye Wachina humhesabu kuwa ni Maitreya, Buddha ajaye. Hana nafasi katika kazi za jadi za Patan.

Ndani ya sanamu kuna nini?

Iliyotoka dukani kwa kawaida ni tupu. Inayokwenda kwenye ibada hujazwa: kijiti cha mti husimamishwa katikati kama uti wa mgongo, kikazungukwa na karatasi za sala zilizoviringishwa, nafaka, ubani na wakati mwingine masalio matakatifu. Chini hufungwa kwa bamba la shaba lililochorwa vajra mbili zilizopishana. Mwishoni macho hufunguliwa kwa ibada. Ukipata sanamu ya zamani ambayo bamba lake limeng'olewa, fahamu kwamba kuna mtu aliyekwisha kuipekua, na huenda haikutoka mahali pake kwa ridhaa ya wenyewe.

Nitaitambuaje iliyotengenezwa kwa mikono?

Neno hilo lina daraja zake. Karakana nyingi za Patan hupata nta kwa kuikandamiza kwenye kalibu ya mfano wa zamani, kisha huimalizia kwa mkono. Hilo si udanganyifu, mradi bei isiwe ya kazi iliyofinyangwa upya tangu mwanzo. Geuza sanamu uone chini yake na ndani yake. Shaba iliyosubuwa huwa na ukuta usio sawasawa na alama za matengenezo, ilhali nakala za plastiki iliyochanganywa na unga wa shaba huwa nyepesi, laini pande zote, na huwa na mstari mrefu wa kiungo ubavuni. Chunguza nafasi zilizojificha, kama vile kati ya vidole, nyuma ya masikio na chini ya mkono, kwa sababu fundi mvivu huamini kwamba huko hakuna atakayetazama. Rangi ya ukale isikushawishi: hupakwa kwa dawa kwa muda mfupi.

Je, inaruhusiwa kuitoa Nepal?

Mpya, ndiyo, ukiwa na cheti cha Idara ya Mambo ya Kale kinachothibitisha kwamba si ya kale. Maduka makubwa hukushughulikia cheti hicho. Yenye umri wa zaidi ya miaka 100 hairuhusiwi kutoka. Ukali huo una sababu, kwa kuwa bonde lile liliibiwa vibaya katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 2021 sanamu ya jiwe ya Lakshmi-Narayana, iliyoibwa Patan mwaka 1984, ilirudishwa kutoka kwenye jumba la makumbusho la Dallas, Marekani. Hiyo ni ya Kihindu, lakini katika mitaa ile dini hizi mbili hukaa ua mmoja na wezi hawakubagua.

Niiweke wapi nyumbani?

Mahali pa juu kuliko kiuno, pasipo viatu, mbali na choo, na miguu ya wanaolala isiielekee. Asiye Mbuddha halazimiki kuifanyia ibada, ila kuigeuza kitako cha taa au pambo la baa huwaumiza wenye dini. Sri Lanka hulichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 2014 ilimrudisha kwao mtalii Mwingereza kwa sababu ya chale ya Buddha mkononi mwake, na kupiga picha huku umeipa sanamu mgongo huko ni utovu wa adabu.

Isafishwe vipi, na ikivunjika ifanywe nini?

Tumia brashi laini iliyo kavu kwa vumbi la kwenye nakshi, na kitambaa cha pamba kwa sehemu bapa. Dawa ya kung'arishia shaba isiguse dhahabu, kwa kuwa itaikwangua, na uso uliochorwa kwa rangi usilowe maji hata kidogo. Mkono uliolegea au kiungo kilichoachia huweza kurekebishwa na fundi wa vito mwenye subira, mradi aambiwe mapema kwamba juu pana dhahabu asije akapitisha moto wa kuchomelea. Isiyotengenezeka haitupwi jalalani. Wabuddha huipeleka hekaluni, na hekalu la karibu huipokea.